Taka hatarishi za gereji na karakana: anza na chombo

Saa nane mchana, jua la Dar es Salaam likiwa limekaza, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi alitoka chini ya lori, akainama kwenye meza ya kazi, akaokota chupa ya maji ya lita moja na nusu na kupiga funda moja. Funda la pili halikupita. Asubuhi ya siku hiyo fundi mwenzake alikuwa amemimina humo tindikali iliyobaki kwenye betri mbovu, akaiweka pale "kwa muda tu". Kijana alipona, lakini koo liliungua vibaya, na kwa miezi kadhaa alilishwa kwa mrija. Nilifika kwenye gereji hiyo siku mbili baadaye kwa kazi yangu ya ukaguzi wa usalama mahali pa kazi. Chini ya meza ileile nilikuta chupa nyingine tatu za maji, zote zina kimiminika, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa uhakika kilichomo.

Tangu siku hiyo nikiingia gereji au karakana, jambo la kwanza ninaloangalia ni vyombo. Taka huanza kuumiza watu pale inapohamishwa kutoka kwenye chombo chake na kupoteza jina lake.

Jina lenyewe kwetu lina mtego. Mafundi wengi huita tindikali ya betri "maji ya betri". Yapo pia maji ya betri mengine, yale yaliyotoneshwa, ambayo huuzwa kwa ajili ya kuongezea betri iliyopungukiwa. Jina moja, vitu viwili: kimoja ni maji matupu, kingine ni asidi ya salfa, ambayo kwenye betri ya gari yenye chaji kamili hufikia takriban asilimia 37 ya uzito wa kimiminika chote. Vyote havina rangi. Ukishavitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, jicho halina tena la kushika. Ndiyo maana nasema bila kulegeza: usiweke taka yoyote, hata kidogo, hata kwa dakika tano, kwenye chupa ya maji, chupa ya soda, kikombe au dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula. Dakika tano ndizo zinazotosha mtu kurudi na kiu.

Watu wakisikia neno taka hatarishi hufikiria migodi na viwanda vikubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi hazitazami ukubwa wa geti. Gereji yenye magari matatu huzalisha oili chafu, filta, betri mbovu, brekifluidi, maji ya rejeta na thina. Fundi seremala ana vanishi, gundi na matambara yake. Hata ofisi yenye viyoyozi ina taa za mirija na betri za kompyuta. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Glovu si zawadi ya bosi mwema.

Chombo kizuri huchaguliwa kwa kile kitakachoingia ndani. Tindikali hula chuma, kwa hiyo iwekwe kwenye plastiki nzito, ikiwezekana dumu lilelile ilimonunuliwa. Thina hulainisha plastiki nyepesi mpaka chupa inakunjamana na kuvuja usiku wewe ukiwa umelala, kwa hiyo ibaki kwenye kopo lake la bati lenye mfuniko wa kukaza. Usijaze chombo mpaka mdomoni. Vimiminika hutanuka kwa joto, na stoo ya mabati mchana ni tanuri. Kisha andika jina kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: OILI CHAFU. TINDIKALI, INAUNGUZA, USINYWE. Weka tarehe ulipoanza kujaza. Maandishi ya kalamu hufutika yakiguswa na mafuta, hivyo yafunike na utepe wa plastiki unaopitisha mwanga. Na kwa vile kwenye kila karakana yumo asiyesoma vizuri, chora alama: fuvu kwa sumu, mwali kwa kinachoshika moto, mkono unaoliwa na matone kwa kinachounguza. Alama hizo ndizo zilizo kwenye makopo ya viwandani, ndani ya umbo la almasi lenye kingo nyekundu, kwa hiyo kuzizoea kunamsaidia fundi popote atakapofanya kazi.

Oili chafu inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wengi hawaihesabu kuwa taka. Humwagwa uwanjani kutuliza vumbi, hupakwa nguzo za uzio kuzuia mchwa, huuzwa kwa wenye misumeno ya mnyororo. Naelewa, ni mali iliyolipiwa na mtu hapendi kuitupa. Lakini oili iliyokaa ndani ya injini si ile iliyoingia. Imebeba masalia ya fueli iliyoungua na chembe za metali zilizosagika, na ngozi inayolowa humo miaka nenda miaka rudi iko katika hatari ya saratani. Iliyomwagwa uwanjani hukaa mpaka masika. Mvua ikija, inachukuliwa na mfereji, na kwa gereji nyingi za Ilala na Kinondoni mfereji huo unaishia Mto Msimbazi. Ikizama ardhini inakwenda kwa jirani mwenye kisima.

Ikusanye kwenye pipa moja, oili tupu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: pipa la oili chafu linageuka shimo la kila kitu, brekifluidi humo, maji ya rejeta humo, thina ya kuoshea vipuri humo. Oili isiyochanganywa na kitu ina mnunuzi, inaweza kusafishwa upya au kutumika kama fueli kwenye tanuri linaloruhusiwa. Ikichanganywa, mkusanyaji mwenye kibali ataikataa. Na anayeichukua bila kuuliza yuko hatarini zaidi, maana thina kidogo tu inatosha kufanya pipa zima lishike moto mapema kuliko anavyotarajia anayekwenda kulipasha.

Pipa lenyewe likae juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, na lizungushiwe ukuta mdogo usio na tundu. Kipimo tunachotumia ni kwamba eneo lililozungushiwa liweze kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kilichomo. Pipa la lita 200 linahitaji nafasi ya lita 220. Matofali, saruji na plasta nzuri vinatosha. Weka pembeni ndoo ya mchanga mkavu na koleo. Oili ikimwagika, mwagia mchanga, zoa, na mchanga huo nao sasa ni taka hatarishi, usirudishe kwenye ndoo.

Betri mbovu isimame wima, kama ilivyokuwa ndani ya gari, juu ya mbao au trei ya plastiki, na vichwa vyake viwili vifunikwe ili spana isivigusanishe. Isipasuliwe gerejini, na tindikali yake isimwagwe ili "iwe nyepesi kubeba". Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo, kwa hiyo chaja isiwe ndani ya stoo iliyofungwa, wala karibu na fundi wa kuchomelea. Tindikali ikidondoka sakafuni, kamata magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage. Nyunyiza kutoka ukingoni kwenda katikati. Itatoa povu. Endelea mpaka povu likome, ndipo uzoe ukiwa na glovu za mpira na miwani ya kukinga macho. Na kama kuna siku italazimu kuichanganya na maji, maji hutangulia na tindikali hufuata polepole. Ukigeuza utaratibu huo joto hutoka kwa ghafla na mchanganyiko hukurukia usoni.

Nikiwa Keko kwa mafundi seremala swali langu huwa jingine: matambara ya vanishi unayaweka wapi jioni? Karibu wote hunionyesha lundo kwenye kona, juu ya maranda. Vanishi na mafuta ya linsidi hukauka kwa kunasa oksijeni ya hewani, na kazi hiyo hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa kinapoteza joto hilo. Vikilundikwa, joto linabaki ndani, linapanda, na saa kadhaa baadaye lundo linawaka lenyewe, bila kiberiti, bila umeme, hakuna mtu. Moto wa aina hii ukitokea, watu husema ni shoti au ni hujuma. Tandaza matambara nje, moja moja, mpaka yawe makavu na magumu. Au yatumbukize kwenye ndoo ya bati yenye maji na mfuniko, na ndoo hiyo itolewe nje kabla ya kufunga karakana.

Stoo nayo ina majirani wasiopatana. Dawa ya kung'arisha nguo ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ndani ya choo kidogo cha gereji gesi hiyo inatosha kumwangusha anayekisafisha. Thina isikae na chaja. Chakula kisikae na chochote kati ya hivi. Taa za mirija zina zebaki: zisivunjwe, zirudishwe kwenye boksi lake, na ikivunjika moja fungueni madirisha na mtoke kwa robo saa kabla ya kuokota vipande kwa karatasi ngumu. Ufagio husambaza zebaki, hivyo usiutumie.

Linalobaki ni nani anayezichukua. Huyu mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni anatoa pesa taslimu, na betri moja mbovu ina risasi nyingi, ile metali nzito yenye sumu, zaidi ya nusu ya uzito wake. Lakini risasi hiyo inakwenda wapi? Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watu walipasua betri na kuchekecha mchanga wenye risasi kwenye viwanja vya nyumba zao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Karibu yetu zaidi, Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukutani mwa makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe mdogo kugundulika kuwa na risasi mwilini. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Watoto hawana kiwango salama cha risasi, na ubongo ulioathirika haurudishwi kwa fidia. Kwa hiyo muulize mchukuaji kibali chake, andika kiasi alichochukua na tarehe, na uhifadhi karatasi hiyo.

Risasi hufika nyumbani kwa njia nyingine pia: ovaroli. Livuliwe kazini, lisifuliwe na nguo za watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au sigara. Petroli si sabuni. Huondoa oili, lakini nayo hupenya ndani ya ngozi yako.

Tindikali ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 mfululizo, jicho likiwa wazi, hata kama anapiga kelele, kisha hospitali. Ikimwagikia mwilini, vua nguo huku ukimwagia maji mengi. Akimeza tindikali au thina, asitapishwe. Tindikali itaunguza koo mara ya pili ikipanda, na thina inaweza kuingia kwenye mapafu. Asukutue mdomo na kutema. Maziwa ambayo kila mtu hukimbilia kuyaleta hayaondoi sumu, na yanapoteza muda wa kupata gari. Mpeleke, na chombo alichonywea kiende naye, kikiwa na jina la kilichomo, ili daktari ajue cha kutibu.