Daktari wa nini, si alikuwa sista? Uzamivu wa wauguzi wa usingizi Marekani

Nenda kwenye sherehe yoyote ya mahafali ya watu wa kwetu huku Marekani, iwe Texas au Minnesota, utamsikia mshereheshaji akimwita mbele "daktari wetu", na anayeinuka ni muuguzi. Vigelegele vinapigwa. Meza ya nyuma mzee anamwinamia jirani yake: "Daktari wa nini? Si alikuwa sista?" Nimekaa meza hiyo zaidi ya mara moja, na majibu niliyoyasikia ni mengi kuliko pilau iliyoliwa. Mengi hayana ukweli, na mengine yamewafanya vijana waache au waanze masomo kwa sababu isiyokuwepo.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Muuguzi wa usingizi ndiye anayemlaza mgonjwa nusukaputi au kumchoma ganzi ya mgongoni, akamwekea mrija wa kupumulia, akabaki kichwani pake akiangalia pumzi, presha na mapigo ya moyo mpaka aamke. Marekani anatambulika kwa herufi CRNA. Ni mmoja wa makundi manne ya wauguzi wabobezi. Wengine ni wauguzi wanaoona wagonjwa kliniki na kuandika dawa, wakunga, na wauguzi bingwa wa tiba wanaosimamia ubora wa huduma wodini.

"Kasoma uzamivu, basi kawa daktari"

Hapa lugha yetu nayo ina lawama. Neno daktari limebebeshwa mizigo miwili. Kijijini kila mwenye koti jeupe ni daktari: tabibu wa zahanati, muuza dawa, hata yule dada anayechoma sindano. Gazetini, Dkt. hutangulia jina la mtu aliyeandika tasnifu ya historia au ya udongo, na hakuna anayempelekea mtoto mwenye homa. Halafu Mganga Mkuu wa Mkoa, ambaye ni daktari hasa, tunamwita mganga. Ukisikia mtu ana udaktari, inabidi uulize ni wa upande upi.

Uzamivu ni ngazi ya kisomo. Udaktari wa tiba ni leseni, na barabara yake ni nyingine. Daktari bingwa wa usingizi Marekani humaliza shahada ya kwanza, akaenda chuo cha udaktari miaka 4, kisha akasomea ubingwa miaka 4 mingine. Muuguzi wa usingizi huanza na shahada ya kwanza ya uuguzi, anapata leseni, anafanya kazi ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, angalau mwaka mmoja, ndipo anaingia masomo ya miezi 36. Kabla ya kumaliza anatakiwa awe amehudumia wagonjwa 600 kwa uchache na kutimiza saa 2,000 za mafunzo kwa vitendo. Si njia ya mkato, lakini si chuo cha udaktari.

Je, aitwe Dkt.? Darasani na kwenye barua, ndiyo, amelihangaikia. Kando ya kitanda cha mgonjwa ndipo ugomvi ulipo. California ina sheria ya zamani inayobana matumizi ya jina hilo kwa wasio madaktari wa tiba, na mwaka 2023 wauguzi watatu wenye uzamivu walikwenda mahakamani kuipinga. New Hampshire walibishania jina lingine: wauguzi walitaka kujiita kwa neno anesthesiologist, ambalo madaktari bingwa wa usingizi wanaliona lao. Machi 2021 mahakama kuu ya jimbo ikawapa ushindi madaktari. Miezi michache baadaye chama cha wauguzi wa usingizi, AANA, kikabadili jina lake rasmi kuelekea neno lilelile la ugomvi. Vigogo wa pande zote mbili wanajua kununa.

Kwa maoni yangu, mgonjwa anayekaribia kulazwa nusukaputi anastahili sentensi moja iliyo wazi: "Naitwa fulani, mimi ni muuguzi wako wa usingizi leo." Ukitaka kutanguliza Dkt., tanguliza pale sheria inaporuhusu, ila neno muuguzi lisimezwe.

"Kuanzia 2025 mwenye uzamili hana kazi"

Huu uvumi umewanyima watu usingizi, na mimi ni mmoja wa waliopigiwa simu usiku. Chanzo chake ni tarehe za kweli zilizosomwa vibaya. Mwaka 2007 AANA iliunga mkono kwamba kufikia 2025 uzamivu uwe ndio mlango wa kuingilia kazi hii. Baraza la ithibati la vyuo vya usingizi, COA, likaweka masharti: baada ya 2015 halitafikiria kuidhinisha programu mpya ya uzamili, na kuanzia tarehe 1 Januari 2022 kila mwanafunzi anayeanza aanze kwenye programu ya uzamivu. Hesabu miaka 3 kutoka hapo, unafika 2025.

Sharti liko mlangoni. Aliyekwisha kuingia haguswi. Mwenye uzamili wa 2009 anaendelea na kazi, mradi anahuisha cheti na leseni yake kama kawaida. Na si mara ya kwanza kupandisha kizingiti: uzamili wenyewe ulianza kuwa lazima kwa vyuo vyote mwaka 1998. Baadhi ya waliosoma kabla yake walikuwa na cheti cha hospitali, nao waliendelea kulaza wagonjwa nusukaputi mpaka wakastaafu.

Mtihani wa taifa wa kuingia kazini nao haukugawanywa. Mwenye uzamili na mwenye uzamivu wamekaa mbele ya kompyuta ileile, kwa mtihani uleule.

"Kazi hii waliachiwa wauguzi juzi, madaktari walipopungua"

Juzi ya 1877? Mwaka huo Sista Mary Bernard, mtawa, alianza kutoa dawa ya usingizi katika hospitali ya St. Vincent mjini Erie, Pennsylvania. Ndiye muuguzi wa kwanza anayefahamika kubobea katika kazi hiyo Marekani. Enzi zile klorofomu na etha zilitolewa na yeyote aliyekuwa karibu, mara nyingi mwanafunzi wa udaktari ambaye macho yake yalikuwa kwenye kisu cha mpasuaji na si kwenye uso wa mgonjwa. Wagonjwa walikufa. Wapasuaji wakatafuta mtu atakayeangalia pumzi na si kitu kingine, wakawaona watawa na wauguzi.

Huko Rochester, Minnesota, ndugu wawili wapasuaji wa familia ya Mayo walimkabidhi kazi muuguzi Alice Magaw. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa usingizi bila hata kifo kimoja kilichosababishwa na dawa ya usingizi. Alidondosha etha tone kwa tone, akizungumza na mgonjwa kwa sauti ya chini mpaka macho yafumbe. Madaktari walisafiri kutoka mbali kwenda kumtazama.

Mafanikio yakazaa wivu, na kesi. Kentucky mwaka 1917 na California mwaka 1936, mahakama ziliulizwa kama muuguzi anayelaza mgonjwa anafanya udaktari bila leseni. Zote mbili zilisema hapana: akiwa chini ya mpasuaji anayemwelekeza, huo ni uuguzi. Agatha Hodgins alikwishaanzisha chama chao mwaka 1931, mtihani wa kwanza wa kitaifa ukafanyika 1945, na herufi CRNA zikaanza kutumika 1956.

Muda wote huo hakukuwa na uzamivu hata mmoja wa kazi hii. Wa kwanza uliotengwa kwa ajili ya usingizi ulianzishwa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth mwaka 2007. Kwa hiyo anayesema kwamba bila uzamivu muuguzi hawezi kulaza mgonjwa salama anapingana na historia ya miaka 130, na anayesema uzamivu ndio uliowapa wauguzi kazi hii amekosea vilevile.

Basi kwa nini waliuweka? Sababu moja ni hesabu ya kawaida ya vyuo. Programu za uzamili zilikuwa zimejaa masomo mpaka zikakaribia uzamivu kwa saa za darasani, na mhitimu anatoka na karatasi ya ngazi ya chini. Nyingine ni majirani: wafamasia wa Marekani walikwishahamia uzamivu kama mlango wa kazi yao, na watu wa fiziotherapia wakawafuata. Wauguzi hawakutaka kuwa watu pekee wa chumba hicho wasio na cheo sawa. Wakosoaji, wakiwemo wauguzi wenyewe, wanasema faida kwa mgonjwa ni ndogo kuliko deni la mwanafunzi. Karo ya vyuo vingi hupita dola 100,000, na ratiba haikuachii nafasi ya kufanya kazi kwa miaka 3. Mimi naelemea upande wa wakosoaji. Masomo ya sera na takwimu si mabaya, ila sijaona ni vipi yanamfaa anayehangaika kupitisha mrija kwenye koo lisiloonekana saa nane za usiku.

"Akiwa nao hasimamiwi na mtu, na mshahara unaruka"

Ruhusa ya kufanya kazi bila kusimamiwa haiandikwi kwenye shahada. Inatoka kwenye sheria ya jimbo, kanuni za bima na taratibu za hospitali. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ina sharti kwamba muuguzi wa usingizi awe chini ya usimamizi wa daktari. Na daktari huyo anaweza kuwa mpasuaji anayefanya operesheni, si lazima bingwa wa usingizi. Wengi hawalijui hilo. Mwaka 2001 serikali ikawaruhusu magavana kuandika barua ya kujiondoa kwenye sharti hilo. Iowa ikawa ya kwanza, na sasa majimbo zaidi ya 20 yamefuata, mengi yakiwa na hospitali za vijijini ambako bingwa wa usingizi hapatikani.

Barua ya gavana haiulizi kama una uzamili au uzamivu. Wenzako wawili, mmoja ana uzamili mwingine uzamivu, hospitali moja, wanasimamiwa sawasawa. Mshahara nao hufuata jimbo, zamu na mkataba. Ni mkubwa kweli: takwimu za serikali huonyesha mshahara wa katikati wa kundi hili ni zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka. Lakini ulikuwa mkubwa hata kabla ya uzamivu, na usichukue mkopo ukitegemea nyongeza kwa sababu ya herufi za mwishoni mwa jina.

"Uzamivu wote ni mmoja"

Hapana. DNP ni uzamivu wa uuguzi wa vitendo, DNAP ni wa usingizi peke yake, na PhD ni wa utafiti. Wa aina mbili za kwanza humaliza kwa mradi wa kuboresha huduma, kwa mfano kupunguza kichefuchefu cha wagonjwa baada ya operesheni katika hospitali fulani. Wa PhD huandika tasnifu inayotafuta maarifa mapya. Kwa leseni, DNP na DNAP zina uzito uleule. PhD peke yake haikufundishi kulaza mgonjwa.

"Siku hizi kila muuguzi mbobezi lazima awe nao"

Wauguzi wa usingizi ndio waliofika. Chama cha vyuo vya uuguzi, AACN, kilipendekeza mwaka 2004 kwamba wabobezi wote wawe na uzamivu kufikia 2015. Mwaka huo ulipita na wauguzi wa kliniki waliendelea kuhitimu kwa uzamili. Mwaka 2018 chama cha walimu wao kikajiwekea lengo jipya la 2025, na programu za uzamili bado zipo. Wakunga hawajaufanya sharti. Ukiambiwa na wakala wa chuo kwamba bila uzamivu huwezi kufungua kliniki, jua anauza nafasi za darasani.

"Nina diploma ya usingizi ya nyumbani, nitavuka nayo"

Hili ndilo ninaloulizwa na watu wa Kenya na Tanzania, na jibu linauma. Unaweza kuwa umelaza wagonjwa miaka 10, umesomea hospitali ya KCMC Moshi au ya Kijabe, umewahi kuwa peke yako wilayani na mama mzazi anayevuja damu. Marekani hawatakupa mtihani wa CRNA kwa hayo. Mtihani ni wa wahitimu wa vyuo vilivyoidhinishwa na COA tu. Unaanza na leseni ya uuguzi, kama shahada ya kwanza huna unaitafuta, kisha ICU, kisha miezi 36.

Kwa tabibu wa usingizi wa Kenya, aliyetokea KMTC, chuo cha tiba cha serikali, kwa njia ya utabibu, ni vigumu zaidi: yeye si muuguzi, hivyo anaanza uuguzi tangu mwanzo.

Na ule mwaka wa ICU una sharti wengi hulikuta wakiwa wamekwishalipa ada ya maombi: lazima uwe umefanyika Marekani, kwenye maeneo ya ng'ambo inayoyatawala, au hospitali ya jeshi lake iliyo nje. ICU ya Muhimbili au Kenyatta, hata ukiwa ulishika wagonjwa wanne kwa zamu, haihesabiwi. Uliza hilo chuoni kabla ya kutuma pesa.