Stomata: kwa nini mkonge husimama wima mahindi yakisinyaa

Ukitoka Tanga mjini kwenda Korogwe saa saba mchana, masika ikiwa imekawia, utaona mahindi kando ya barabara yamekunja majani kama mtu aliyejifunika shuka. Mkonge ulio jirani, udongo uleule, jua lilelile, umesimama utadhani mvua ilinyesha jana. Siri iko kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo stomata.

Vitundu hivi vimetapakaa kwenye ngozi ya jani, mara nyingi zaidi upande wa chini. Kila kimoja kimezungukwa na seli mbili, ambazo kwa mimea mingi hufanana na punje za maharage zilizotazamana. Zikijaa maji hupinda, kitundu kikafunguka. Zikipungukiwa hulegea, kikafungwa. Kitunduni humo ndimo inamoingia hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, na kwa nguvu ya jua mmea huiunganisha na maji kutengeneza sukari. Ni hewa ukaa ileile tunayoisikia siku hizi kwenye mikutano ya biashara ya kaboni; kwa mmea ni chakula tu.

Taabu ni kwamba mlango unaoingiza chakula ndio huohuo unaotoa maji. Kwa kila molekuli moja ya hewa ukaa inayonaswa, mimea mingi hupoteza mamia ya molekuli za maji. Ukame ukibana, mmea hauna njia ya tatu: ufungue ukauke, au ufunge ushinde na njaa. Na ukifunga, jani hupata joto, maana mvuke uliokuwa ukilipoza umekatika.

Kabla ya zama za viwanda hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Charles Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Leo imepita 420. Hewa ukaa ikijaa nje, mmea waweza kufungua vitundu kidogo tu na bado ukashiba, ndiyo maana wapo wanaoiita mbolea ya bure. Si uongo mtupu, ila tuulize kwanza ni mmea gani.

Mhogo, mpunga, kunde na michungwa ya Muheza ni kundi moja. Kimeng'enya chao (protini inayofanya kazi) cha kunasa hewa ukaa, rubisko, hukosea mara kwa mara kikanasa oksijeni, hasa joto likizidi, na kila kosa ni hasara. Hewa ukaa ikiongezeka makosa hupungua, mmea hukua upesi zaidi. Mahindi, mtama na miwa ni kundi lingine: mimea hii tayari ina namna yake ya kuirundika hewa ukaa ndani ya jani, na kuiongezea ni kumpakulia aliyekwisha kula. Faida yake kubwa ni kwenye maji, kwamba unyevu wa udongo hukawia kidogo kuisha.

Kidogo, nasema. Mahindi ya Handeni hayafi kwa kukosa hewa ukaa. Mvua ikikatika wakati ule mbelewele zinatoka, ndevu za mahindi huchelewa, chavua hudondoka bila wa kuipokea, na mkulima huvuna magunzi yenye punje za kuhesabu. Mbolea ya hewani haina la kufanya hapo.

Hata kinachoongezeka si lazima kiwe na lishe ileile. Mpunga na ngano zilizojaribiwa mashambani Japani na Australia, zikipuliziwa hewa ukaa ya kiwango kama 550, zilitoa nafaka yenye zinki na chuma pungufu. Mhogo nao, ulio hodari wa kupukutisha majani na kungoja mvua, huongeza sumu ya sianidi ukame ukizidi. Bibi anayeloweka na kuanika mhogo mchungu hafanyi mchezo.

Turudi kwenye mkonge. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mmea huu hufanya mambo kinyume: stomata hufunguka usiku, hewa ikiwa baridi na mvuke unaopotea ni mchache. Hewa ukaa iliyoingia huhifadhiwa kama asidi, kisha mchana vitundu vikiwa vimefungwa, mmea huitoa akibani na kutengeneza sukari. Ndiyo sababu jani lake huwa na asidi nyingi alfajiri kuliko jioni (usijaribu kuonja, utomvu wake unawasha). Mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, nayo yana ujanja huo.

Ujanja wenyewe hulipiwa kwa muda. Mkonge hungojewa miaka miwili hadi mitatu kabla ya kukatwa majani ya kwanza. Mahindi, masika ikikubali, miezi minne yako ghalani.