Samoni mwitu ni yupi hasa?

Samoni ni samaki anayeanguliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga mayai. Samoni mwitu ni yule aliyeanguliwa mtoni bila mkono wa mtu, akaishi maisha yake yote mtoni na baharini, na ambaye wazazi wake nao walizaliwa na kuishi hivyo hivyo. Ndivyo serikali ya Kanada ilivyomweleza katika sera yake ya mwaka 2005 kuhusu samoni wa Pasifiki.

Kinachoudhi ni kusikia kila samoni anayevuliwa baharini akiitwa mwitu, mradi tu hakufugwa kwenye kizimba. Yuko wa tatu anayesahaulika: aliyetotoleshwa kituoni, akalishwa kwenye tangi, kisha akaachiwa mtoni angali kifaranga. Wavu humnasa pamoja na wenzake, lakini kwa sera ile yeye si mwitu. Hata watoto wake watakaozaliwa mtoni hawajawa mwitu. Wajukuu ndio wanaoanza kuhesabiwa.

Tofauti hii inagusa wajibu wa serikali moja kwa moja. Mayai ya samoni hufukiwa kwenye changarawe ya mto, nayo huishi kwa oksijeni ya maji baridi yanayopenya kati ya mawe. Msitu ukikatwa mlimani, mvua huteremsha tope, changarawe inazibika, mayai yanakufa. Kituo cha kutotolesha hukwepa hatua hiyo yote. Ndiyo maana mto unaweza kujaa samoni wa kuachiwa ilhali hauwezi tena kuzalisha wa kwake, na kiongozi akasimama na kutangaza kwamba samoni wamelindwa. Hapo maji hayajalindwa hata kidogo.

Katika jimbo la British Columbia, huko Kanada, wajibu wenyewe umegawanyika. Uvuvi ni wa serikali kuu tangu katiba ya 1867, na Sheria ya Uvuvi inakataza kumwaga kitu chenye madhara kwenye maji yenye samaki. Lakini sehemu kubwa ya misitu iko chini ya serikali ya jimbo. Samaki wa huyu, mlima wa yule.

Mwaka 2009 samoni aina ya sockeye waliotarajiwa kurudi Mto Fraser wa jimbo hilo walikuwa zaidi ya milioni 10. Walirudi kama milioni 1.4. Tume ya Jaji Bruce Cohen iliyoundwa kuchunguza jambo hilo ilipendekeza mwaka 2012 kwamba wizara yenye kazi ya kuwahifadhi samoni mwitu isipewe tena kazi ya kuinua ufugaji wa samoni. Pendekezo la haki kabisa: mlinzi hawezi kuwa mpiga debe wa biashara anayopaswa kuichunga.

Basi tukisoma kwamba vifaranga kadhaa wameachiwa mtoni, tuziite hizo hesabu za vifaranga. Ukitaka habari za samoni mwitu, uliza ni wangapi walioanguliwa kwenye changarawe ya mto huo, na maji yake yana hali gani.