Utulivu wa 2005 ulitudanganya

Kazi yangu ni kusoma matokeo ya kura, jimbo baada ya jimbo, na hakuna niliyoyasoma vibaya kama ya kura ya maoni ya Katiba ya Kenya, Novemba 21, 2005.

Mtajie mtu wa rika langu "Chungwa" uone atacheka au atanuna. Tume ya Uchaguzi ilitoa alama za matunda ili hata asiyejua kusoma ajue anapopiga: ndizi ni ndiyo, chungwa ni la. Tunda likageuka kabila. Asubuhi baada ya matokeo, sokoni Nakuru, mama mmoja alikuwa amefunika ndizi zake kwa gunia. "Leo hata nikipunguza bei nitatukanwa," akaniambia. Jirani yake alikuwa akigawa machungwa bure, maganda yametapakaa hadi kwenye stendi ya matatu.

La ilipata asilimia 58, ndiyo 42. Rais Kibaki, aliyeipigia debe Ndizi, alikubali kushindwa, kisha Novemba 23 akavunja karibu baraza lake lote la mawaziri. Vijiweni tukapongezana kwamba demokrasia yetu imekomaa. Nami niliandika hivyo, tena kwa mbwembwe.

Tulidhani watu wameihukumu rasimu. Niliowahoji, wengi hawakuwa wameifungua. Walichokuwa nacho mdomoni ni waziri mkuu: rasimu ya Bomas, iliyotoka kwenye mkutano wa kitaifa wa Katiba, ilimpa mamlaka, ile ya Mwanasheria Mkuu Amos Wako, ndiyo iliyopigiwa kura, ikamweka chini ya rais. Na nyuma yake kulikuwa na kinyongo cha maelewano ya 2002 ya kugawana madaraka, ambayo kina Raila Odinga, viongozi wa Chungwa, walisema yamekanyagwa. Ilikuwa talaka ya NARC, muungano uliomwingiza Kibaki Ikulu, Katiba ikawa kadhi.

Lililonichukua miaka kuliona ni dogo sana: aliyeshindwa ndiye aliyekuwa Ikulu. Alishindwa na kiti akabaki nacho. Aliyeshinda naye hakuwa na wa kumlalamikia. Sasa vurugu zingetoka wapi? Tukauita ukomavu.

Ramani lakini ilikuwa imeshachorwa, Mkoa wa Kati, kwao Kibaki, upande huu, Luo Nyanza, kwao Raila, upande ule. Desemba 2007, kwenye uchaguzi wa urais, mipaka ileile ikarudi. Chungwa lilikuwa limeshakuwa chama, ODM, na safari hii kilichogombewa ni kiti chenyewe. Hakuna aliyekubali kwamba ameshindwa. Waliouawa walizidi 1,100, na Nakuru nayo iliwaka.