Mstari kujaa si kazi kuisha

Karani wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa hapa Moshi alipakia orodha ya wanachama, akaona mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi umejaa, akafunga kompyuta na kuwahi daladala ya Kibosho. Asubuhi orodha haikuwemo. "Kaka, si iliandika mia?" Iliandika kweli. Programu niliiandika mimi, na kosa lilikuwa langu.

Dhana: ikifika asilimia 100, kazi imekwisha.

Hapana. Wakati wa kupakia, matukio ya maendeleo, yaani taarifa ambazo brauza huipa programu kueleza kazi imefika wapi, huhesabu baiti zinazotoka kwenye brauza tu. Seva bado ina kazi ya kusoma faili, kukagua na kuhifadhi. Siku ile ilikuta namba ya uanachama imejirudia, ikalikataa faili lote, na hakuna aliyebaki kuliona jibu. XMLHttpRequest, chombo cha brauza cha kutuma ombi kwa seva na kupokea jibu, ina matukio mawili yenye jina moja, load: la upande wa upload husema mzigo umetoka, la ombi lenyewe husema jibu limerudi. Mimi nilisikiliza la kwanza. Hata la pili peke yake halitoshi, maana jibu la kosa 500 (hitilafu ndani ya seva) nalo huja na load; lazima usome namba ya hali. Sasa mstari ukijaa skrini inaandika "Imetumwa, subiri ihifadhiwe", kisha seva ikijibu, "Wanachama 312 wamehifadhiwa". Karani huilinganisha namba hiyo na daftari lake.

Dhana: matukio yakiwa mengi, ndivyo bora.

Kijenzi, yaani sehemu ya programu yenye kazi yake maalumu, kinachosoma faili la mistari 40,000 kikitangaza kila mstari, skrini inaelemewa na kuchora hadi inaganda. Tangaza asilimia inapobadilika tu. Yatatoka matukio kama 100. Brauza nazo hujizuia, hutoa tukio takriban kila milisekunde 50.

Dhana: kijenzi ndicho kichore mstari.

Kijenzi kitangaze, skrini ichore. Katika .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, kijenzi cha kazi za nyuma kiitwacho BackgroundWorker hufanya hivyo hivyo, ila usisahau kuwasha swichi yake ya WorkerReportsProgress, la sivyo ReportProgress, amri ya kutangaza, itarusha kosa.

Dhana: asilimia ipo siku zote.

Wakati wa kupakua, seva isipotaja ukubwa wa faili, lengthComputable, alama ya tukio inayosema kama jumla inajulikana, huwa false (hapana). Wengine hapo hubuni mstari unaokimbia hadi 90 na kusimama. Naomba tusiwafanyie watu hivyo. Andika "MB 3 zimepokelewa", na namba iendelee kupanda.