Je, Wajua Kwa Nini Pampu Iliyolitosha Gari la Petroli Huishiwa Nguvu Mbele ya Gari la Umeme?

Chukua pampu ndogo ya upepo, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara garini. Imehudumia gari la petroli miaka mitatu au minne bila malalamiko. Siku unapoihamishia kwenye gari la umeme inaanza vizuri, inafika PSI 33 au 34 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo), kisha inaanza kukokota. Sauti inabadilika, bomba la mpira linapata moto, na namba kwenye kioo inagoma kupanda. Mwenyewe anaamua kwamba imekufa, au kwamba aliuziwa feki. Mara nyingi haina ubovu wowote. Imepewa kazi isiyo ya kimo chake, na ukielewa kwa nini, kuchagua nyingine kunakuwa rahisi kuliko maboksi ya dukani yanavyoonyesha.

Tuanze na uzito. Betri kubwa inayolala chini ya sakafu ya gari la umeme yaweza kuwa na kilo 300, na katika magari makubwa hupita 500. Mzigo huo haushuki garini hata siku moja. Na kinachobeba gari hasa ni upepo uliofungiwa ndani ya tairi, kuliko mpira wenyewe. Fanya hesabu: gari la kilo 2,000 linaweka kama kilo 500 kwenye kila tairi. Upepo ukiwa PSI 42, yaani paundi 42 kwa kila inchi ya mraba, sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama sentimita za mraba 170, mraba wa sentimita 13 kila upande. Kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Upepo ukishuka hadi PSI 32, sehemu hiyo inatanuka hadi kama sentimita za mraba 220. Hesabu hii imeacha kando ugumu wa kuta za tairi, lakini mwelekeo wake ndio wenyewe: tairi linalala zaidi, kuta zake zinapindika na kunyooka kila mzunguko, na kupindika huko ndiko kunakozaa joto na kula chaji.

Ndiyo maana kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva husoma namba kubwa. Magari madogo mengi ya petroli huomba PSI 30 hadi 35. Tesla Model 3 huomba 42. Kibandiko hicho ndicho cha kufuata. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, haina habari na gari ulilonalo.

Kwa gari la umeme upepo wa tairi una umuhimu mwingine tena. Gari la petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto la injini, na kila unapokanyaga breki, nishati nyingine inayeyuka. Gari la umeme halina hasara hiyo ya injini, na likipunguza mwendo hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Wapinzani wakubwa wanaobaki ni wawili, upepo wa mbele na msuguano wa matairi. Upepo wa mbele unaushinda kwa kupunguza kasi. Msuguano wa matairi unaushinda kwa pampu.

Wengine watasema gari lina taa ya kuonya, ya nini kuhangaika? Kanuni ya Marekani inataka taa hiyo iwake tairi likiwa limepungua asilimia 25 chini ya kiwango cha kibandiko. Robo ya 42 ni kumi na nusu. Kwa hiyo tairi laweza kushuka hadi karibu PSI 32 na dashibodi bado imenyamaza. Tena baridi peke yake hula upepo: kwenye kiwango hicho, joto la nje likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, PSI kama 2 zinaondoka bila tundu wala pancha. Taa ile ni ya hatari. Haikuwekwa kulinda umbali unaopata kwa chaji moja, na mimi naona ni makosa kuisubiri.

Sasa turudi kwenye pampu yetu inayokokota. Ndani yake mna mota ndogo inayosukuma pistoni kwenye silinda isiyozidi sana kidole gumba. Pistoni ikirudi nyuma inavuta hewa. Ikienda mbele inaibana. Lakini hewa haiingii kwenye tairi mpaka ibanwe kupita presha iliyomo tayari. Tairi likiwa na PSI 32, hewa lazima ibanwe hadi karibu theluthi ya ujazo wake ndipo mlango wa kuingilia tairini ufunguke. Likiwa na 42, lazima ifike karibu robo. Sehemu kubwa ya safari ya pistoni inaishia kwenye kubana, na kipande kidogo tu cha mwisho ndicho kinachosukuma. Isitoshe, kila silinda ina nafasi ndogo kichwani ambayo pistoni haiifikii. Hewa iliyobanwa hapo hubaki, hutanuka pistoni inaporudi, na kuchukua nafasi ya hewa mpya iliyopaswa kuvutwa. Katika pampu ndogo nafasi hiyo si ndogo hata kidogo ukilinganisha na silinda yenyewe. Kadiri presha inavyopanda ndivyo kila pigo linavyobeba hewa kidogo zaidi, wakati mota inakula umeme uleule au zaidi.

Umeme huo unakwenda wapi? Kwenye joto. Aliyewahi kujaza baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi mwisho wa pampu unavyounguza. Hewa ikibanwa haraka hadi robo ya ujazo wake, joto lake hupita nyuzi 100 bila shida. Silinda ndogo haina nyama ya chuma ya kulinyonya wala mapezi ya kulitoa. Mipira ya pistoni inalegea, hewa inavuja pembeni, na sindano ya geji inasimama. (Kile kichwa cha shaba unachofungia kwenye tairi nacho huchemka. Usikishike kwa vidole vitupu baada ya dakika tano za kazi.)

Hapo ndipo unapoona kwa nini namba kubwa kuliko zote kwenye boksi, PSI 150, haikusaidii. Gari lako halitafika hata theluthi yake. Pampu inaweza kweli kufika 150 kwenye tairi jembamba la baiskeli na bado ikashindwa kulijaza la gari, kwa kuwa tairi la gari linataka wingi wa hewa. Tairi la ukubwa wa kati lina nafasi ya kama lita 40. Kulitoa PSI 32 hadi 42 kunahitaji karibu lita 28 za hewa ya kawaida. Kulijaza kutoka sufuri kunahitaji karibu lita 116, na hapo ndipo pampu hutofautiana kama mbingu na ardhi. Tafuta basi mtiririko, lita kwa dakika. Namba hiyo nayo isome kwa tahadhari, maana watengenezaji wengi huipima bomba likiwa wazi, halisukumi chochote. Maelezo yenye maana ni yale yanayosema dakika ngapi, kwa tairi la ukubwa gani, kutoka PSI ngapi hadi ngapi. Boksi likikosa hayo, angalia pistoni: mota inayozungusha pistoni kubwa au mbili, ndani ya bodi ya chuma, huvumilia kuliko ile nyepesi kama simu. Uzito hapa ni sifa njema.

Soma pia muda wa kazi na mapumziko. Pampu nyingi ndogo huruhusiwa kukimbia dakika 10, kisha zipoe dakika 10 au 20. Kama tairi moja tu linamaliza dakika hizo, utakaa kando ya barabara saa nzima kwa matairi manne.

Umeme wa kuiendesha utatoka wapi? Hapa gari la umeme lina jambo linalowashangaza wengi. Pamoja na betri yake kubwa, taa, redio na lile tundu la sigara hutumia betri nyingine, ndogo, ya volti 12, inayochajiwa na ile kubwa. Tundu hulindwa na fyuzi, mara nyingi ya ampea 10 hadi 20, hivyo pampu ya ampea 10, yaani wati 120, inakaa salama kwenye magari mengi, na ya ampea 15 inacheza mpakani. Zile pampu kubwa za koleo mbili, zinazobanwa moja kwa moja kwenye betri na kuvuta ampea 30 au zaidi, ziache. Betri ndogo ya gari la umeme haikuumbwa kuwasha injini. Yaweza kuwa ndogo sana au imefichwa, na kwenye baadhi ya magari ni ya lithiamu yenye volti zaidi ya 15, ambazo kifaa cha volti 12 hakikuzitarajia. Chochote utakachochomeka, gari liwe limewashwa, liko tayari kuondoka, breki ya mkono imefungwa. Likizimwa, magari mengi hukata tundu lile, na yasipokata utaimaliza betri ndogo. Ikifa hiyo, gari halitawaka hata betri kubwa ikiwa imejaa. Wenye gari la kutoa umeme wa nyumbani, kama Hyundai Ioniq 5 inayotoa hadi kilowati 3.6, wanaweza hata kutumia kompresa ya gereji.

Pampu zenye betri yake ndani ni raha kutumia. Hakuna waya wa kuzungusha gari zima, na kwa kuongeza PSI tano tano zinatosha kabisa. Ila betri ya wati-saa 25 au 30 hufanya kazi ya tairi moja lililolala kabisa, pengine moja na nusu, kisha imekwisha. Kuna na hili la joto: ndani ya gari lililofungwa juani huweza kupita nyuzi 60, na seli za lithiamu huzeeka haraka hapo. Utaitoa siku ya pancha uikute ina chaji ya nusu dakika. Ningenunua yenye njia zote mbili, betri yake na waya wa tundu, niiweke kwenye buti mbali na kioo, niichaji kila baada ya miezi michache.

Geji nayo inadanganya kidogo. Pampu ikiwa inasukuma, geji iliyo upande wa pampu husoma juu kuliko kilichomo ndani ya tairi, kwa kuwa hewa inasongamana kwenye bomba. Isimamishe, subiri sekunde chache, soma tena. Nzuri ni ile unayoiwekea kiwango, ikasimama yenyewe, na kosa lake likawa ndani ya PSI 1. Linganisha na geji nyingine ya mkononi, au na kioo cha dashibodi, ambacho mara nyingi husubiri gari litembee kidogo ndipo kibadilishe namba. Na pima matairi yakiwa baridi, gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu au limetembea chini ya kilomita moja na nusu. Tairi la moto likisoma 45, usilipunguze.

Mdomo wa kufungia usikusumbue: valvu ya tairi la gari ni ileile ya Schrader iliyopewa hataza mwaka 1893. Kilicho tofauti ni vifuniko vya rimu. Magari mengi ya umeme huvivaa ili kukata upepo, na valvu hubaki kwenye kijishimo. Kichwa cha kuzungusha, chembamba, kwenye bomba linalopinda, huingia. Chenye kishikizo kipana hugonga plastiki na kuisukuma valvu upande, na nyuma ya valvu hiyo huenda kuna kihisi cha presha.

Magari mengi ya umeme hayana spea. Hupewa kopo la gundi ya kuziba pancha na pampu nyepesi, au hayapewi kitu. Gundi hiyo hutibu tundu dogo la msumari kwenye kashata (sehemu inayogusa barabara), haitibu ubavu uliopasuka, na kopo lina tarehe ya mwisho. Matairi mengi ya umeme yana sifongo ndani ya kuzuia kelele, kwa hiyo kabla ya kumimina gundi angalia kitabu cha gari. Kwa pancha inayovuja polepole mimi ningeanza na pampu yenye nguvu: jaza, tembea taratibu hadi kwa fundi, na ikibidi simama ujaze tena. Msumari uache palepale ulipo.

Siku unapoinunua, usiipeleke moja kwa moja kwenye buti. Punguza tairi moja kwa makusudi hadi PSI 32, shika saa, lirudishe 42. Pampu inayofaa itamaliza kwa dakika mbili au tatu. Nenda la pili, kisha la tatu, mfululizo. Kama inazima kwa joto kwenye la pili, boksi na risiti bado unavyo.