Namba nasibu za kompyuta, na kwa nini tunauliza mbegu

Fotoni moja, yaani chembe ya mionzi, ya kobalti-60 (metali yenye kutoa mionzi) ikiingia kwenye maji, hakuna awezaye kusema itasafiri sentimita ngapi kabla ya kugonga kitu. Kinachojulikana ni uwezekano tu: katika kila sentimita moja, ni kama asilimia 6. Kwa hiyo anayetaka kukokotoa kipimo cha mionzi mwilini huweza kuzirusha fotoni za kuigiza ndani ya kompyuta moja baada ya nyingine, mamilioni kwa mamilioni, na kila moja huipigia kura: itagonga wapi, itageukia upande gani, itaacha nishati kiasi gani.

Kura yenyewe hupigwa hivi. Kompyuta hutoa namba kati ya 0 na 1. Ikitoka 0.9, fotoni husafiri kama sentimita 1.7 na kugonga. Ikitoka 0.5, hufika sentimita 11. Ikitoka 0.1, hupita sentimita 36, yaani huenda ikatokea mgongoni kwa mgonjwa bila kugusa chochote. Mashine za kobalti zimetumika miaka mingi kutibu saratani Afrika Mashariki, kwa hiyo hesabu hii si ya mbali nasi. Namba ikitoka vibaya, kipimo nacho hutoka vibaya.

Njia hii huitwa Monte Carlo, jina la mji wa makasino huko Monaco. Wazo lilimjia mwanahisabati Stanislaw Ulam mwaka 1946 alipokuwa akiuguza nyumbani. Alikuwa akicheza karata peke yake, akajiuliza ni mara ngapi mchezo ule hukubali. Kukokotoa kwa kalamu kulimshinda, akaona ni rahisi zaidi kucheza mara mia na kuhesabu. Alimweleza mwanahisabati mwenzake John von Neumann, na mwaka 1948 kompyuta ya ENIAC ilikuwa ikifuata njia za nyutroni kwa mtindo huohuo, kwa kazi ya silaha za nyuklia ya maabara ya Los Alamos, Marekani.

Lakini kompyuta haijui kubahatisha. Hufuata amri, na amri ileile juu ya namba ileile huleta jibu lilelile daima. Von Neumann alipendekeza ujanja huu: chukua namba ya tarakimu nne, izidishe kwa yenyewe, kisha chukua tarakimu nne za katikati. Ukianza na 1234 unapata 1522756. Ongeza sifuri mbele ziwe tarakimu nane, na katikati utakuta 5227. Endelea hivyo: 3215, kisha 3362. Zinaonekana kama zimetikiswa kwenye kopo. Sasa anza na 3792. Kipeo chake cha pili ni 14379264, na katikati yake kuna 3792 tena. Hapo umekwama milele, na fotoni zako zote zitagonga mahali pamoja.

Kosa la namna hiyo lina heri, kwa sababu linaonekana. Linalonitia hofu ni lile lisiloonekana.

Katika miaka ya 1960 kompyuta za IBM zilikuja na kizalishaji cha namba nasibu, yaani kanuni ya kuzitoa, kilichoitwa RANDU. Kilizidisha namba iliyotangulia kwa 65539 na kubakiza masalio ya kugawanya kwa 2 kwa kipeo cha 31. Anza na 1: zinafuata 65539, 393225, 1769499. Ukizitazama huoni mpangilio wowote. Lakini chukua 393225 uizidishe kwa 6, kisha utoe 65539 mara 9. Unapata 1769499 kamili. Kila namba inafungwa na mbili zilizoitangulia. Ukizipanga tatu tatu kama nukta ndani ya boksi, hazijai boksi lote. Zinajilaza kwenye matabaka 15 tu, kama shelfu za kabati, na katikati ya shelfu hamna kitu. Na chembe inayosafiri hupangiwa mahali kwa namba tatu! George Marsaglia alionyesha mwaka 1968 kwamba vizalishaji vyote vya ukoo huo vina matabaka, ila vilivyo bora huwa na mengi mno.

Kilichonifundisha zaidi ni kisa cha mwaka 1992. Ferrenberg, Landau na Wong waliiga sumaku ndogondogo zilizopangwa kama miraba ya draftini, mfano ambao jibu lake kamili linajulikana kwa hesabu. Walitumia R250, kizalishaji kilichoaminika kuwa cha hali ya juu. Jibu likatoka kasoro. Kizalishaji cha zamani, cha kuzidisha na kubakiza masalio, kikatoa jibu sahihi zaidi. R250 kilikuwa na uhusiano uliojificha kati ya namba zake, na kanuni waliyotumia kuzigeuza sumaku iliangukia hapohapo. Bila jibu la kulinganishia, nani angejua?

Kuna na balaa la mbegu, yaani namba ya kuanzia. Nilipokuwa mwanafunzi nilituma kazi moja kwenye kompyuta 16 kwa pamoja, kila moja ichukue mbegu yake kutoka kwenye saa. Zote zilianza sekunde ileile. Asubuhi nilikuta majibu 16 yanayofanana hadi tarakimu ya mwisho, na kwanza nilifurahi. Nilikuwa nimerusha chembe zilezile mara 16 na kudhani usahihi umeongezeka mara 4.

Siku hizi vipo vifaa vizuri. Mersenne Twister, cha Matsumoto na Nishimura, hujirudia baada ya namba 2 kwa kipeo cha 19937, kasoro moja. Philox, kilichotolewa 2011, huipa kila sehemu ya kompyuta kubwa mfululizo wake kwa ufunguo wake, bila kutegemea saa.

Hata hivyo, mtu akituletea matokeo ya uigaji tunamuuliza ametumia kizalishaji gani na mbegu gani. Kisha tunamwomba arudie kazi ileile kwa kizalishaji cha ukoo mwingine kabisa. Majibu yakitofautiana kupita kosa la takwimu (tofauti inayoweza kuletwa na bahati tu), tunayaweka kando yote mawili hadi sababu ipatikane.